Je, Aendeleaye Katika Dhoruba Ni Shujaa?

Usiku wa Ijumaa iliyopita, baada ya kumalizika darasa letu na watu kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni, kijana mmoja katika wanafunzi alibaki nyuma akasema ana swali. Alituarifu kwamba amenuia kusafiri kwa baiskeli, peke yake, kutoka Mombasa hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Amekwisha kununua matairi mawili ya akiba, na mama yake amekwisha kulia mara mbili. Walakini swali lake halikuwa juu ya safari yenyewe bali juu ya mvua. "Nikikutwa na dhoruba njiani," alisema, "nami ni peke yangu, je, nikiendelea nitakuwa shujaa au nitakuwa mpumbavu? Na nikisimama, nitakuwa mwenye akili au nitakuwa mwoga?"

Majibu yalitoka kwa haraka kuliko yatokavyo tukiulizwa mas-ala ya urithi. Mmoja wetu alisema kwamba kufa ni siku, na aliyeandikiwa kufa kitandani hafi barabarani, basi kijana na aende wala asitazame mawingu. Mwingine alisema kwamba zama hizi zimeleta mabasi na gari la moshi, na aachaye kiti akachagua tandiko la baiskeli kwa kilomita elfu, lolote limpatalo amejitakia. Kijana alitusikiliza kwa adabu, akachukua viatu vyake akaenda zake, wala sikuona kwamba ameondoka na kitu. Nami nililala usiku ule na haya moyoni, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Kwani katika watu wote waliokuwapo, mimi ndiye niliyekuwa na deni la kumjibu.

Jibu la kwanza tuliondoe njiani upesi. Asemaye kufa ni siku amesema kweli, lakini ameiweka kweli hiyo mahali si pake. Mtu huyo huyo akiumwa na tumbo hukimbilia kwa daktari, na akifunga duka lake usiku hutia kufuli mbili, wala hakumbuki kwamba kuibiwa nako ni siku. Itikadi ya kadari haikuletwa iwe mto wa kulazia akili. Na jibu la pili nalo halituelekei sisi hasa, watu wa pwani, ambao wazee wetu walivuka bahari baina ya Maskati na Lamu kwa chombo cha mbao na tanga moja. Hapana aliyewaambia wangoje meli ya moshi. Lakini wazee hao, tuwatazame vizuri: walikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na kusi ilipokuwa katika ukali wake, mwezi wa Juni na Julai, vyombo vilivutwa pwani na manahodha wakakaa barazani wakicheza bao. Nahodha hakuona haya kungoja. Haya ya kungoja ni kitu kipya, na twataka tujue imetoka wapi.

Kwanza yapasa tuijue dhoruba yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumepanda baiskeli kutoka Majengo hadi bandarini tu. Mjini mvua ikizidi mtu hujibanza chini ya upenu wa duka akazungumza na mwenye duka mpaka iishe. Njia ndefu haina upenu. Upepo wa huko si ule unaopeperusha kanzu. Mtu aendaye kilomita 20 kwa saa hewa ikiwa imetulia, hewa humsukuma kifuani kwa kiasi alichokizoea. Ukimtokea upepo wa omo wenye mwendo huo huo wa kilomita 20, kifua chake hukutana na hewa kama ya mtu aendaye 40. Na msukumo wake hauwi mara mbili bali mara nne, kwani nguvu ya hewa huzidi kwa mraba wa mwendo wake. Ndipo mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote na mti ulio kando ya njia hautaki kubaki nyuma. Na katika mteremko, mpira wa breki ukishika rimu ya chuma iliyorowa, kwa muda wa kwanza haushiki kitu. Mpandaji hubana mkono na baiskeli huendelea kama haikusikia.

Ama radi, yako maneno yasemwayo sana kwamba mpira wa tairi humkinga mtu. Maneno hayo hayana asili. Umeme uliopasua hewa kwa masafa ya kilomita kadhaa hauzuiliwi na mpira usiofika hata unene wa kidole. Aliye ndani ya gari hukingwa na bati la gari linalomzunguka, umeme ukapita juu ya bati na kushuka ardhini. Na baiskeli haina bati la kumzunguka mtu. Katika uwanda mtupu mpandaji ndiye mnara. Kipimo kijulikanacho ni kuhesabu: baina ya umeme kumulika na ngurumo kusikika, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Isipofika sekunde thelathini mtu atafute nyumba, wala asitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Na baridi? Twaidhani baridi ni balaa ya Ulaya. Lakini njia ya Kampala ipitayo Eldoret hupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Na akishika ile ya Kericho, huko ni katika pande za dunia zinazojulikana kwa wingi wa mvua ya mawe. Mwili wa mtu joto lake ni digrii 37. Nguo zilizorowa pamoja na upepo huliondoa joto hilo kwa kasi kubwa, na likishuka chini ya 35 mtu ni mgonjwa. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole huacha kutii. Kisha, na hapa ndipo namtaka kijana wetu asimame, fahamu zake hupungua kabla yeye mwenyewe hajajua. Aliyepatwa na hali hiyo ukimuuliza husema hajambo. Ukimpa koti aweza kulikataa. Maana yake ni kwamba kile chombo ambacho mtu atakitumia kuamua kama aendelee au asimame, ndicho ambacho dhoruba hukiharibu mapema.

Sasa turejee katika swali. Wanazuoni wetu wa elimu ya akhlaki, kama Miskawaihi katika Tahdhib al-Akhlaq na Imamu Ghazali katika Ihya, wamefundisha kwamba ushujaa umesimama katikati ya mambo mawili maovu: upande mmoja ni woga, na upande wa pili ni tahawwur, nako ni kujitosa pasipo kufikiri. Asili ya mafundisho haya ni ya Wayunani, na wanazuoni wetu hawakuona ubaya kuyachukua kwa kuwa ni ya kweli. Nami siyapingi. Lakini nauliza: mtu aliye peke yake, amerowa, magoti yanamtetemeka, na giza linaingia, atapimaje katikati hiyo? Akiwa na mwenzake, mwenzake huona midomo yake imebadilika rangi akamwambia basi, inatosha. Au humwona ameketi chini kwa uvivu tu akamtania mpaka ainuke. Aliye peke yake hana wa kumtazama. Nafsi yake ndiye mshtaki, ndiye wakili wa pande zote mbili, na ndiye kadhi. Uvivu humjia kwa sauti ya busara na kiburi humjia kwa sauti ya ushujaa, na sauti hizo mbili zafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Labda ndiyo sababu safari ya mtu peke yake ikatajwa hasa katika hadithi. Bukhari ameweka katika mlango mmoja habari mbili zinazoonekana kama zapingana. Moja ni ya Zubeir (r.a.) siku ya Handaki, Mtume (s.a.w.) alipotaka mtu wa kwenda kuleta habari za adui, Zubeir akajitoa kwenda peke yake, akasifiwa. Ya pili ni ya Ibn Umar (r.a.), nayo ni onyo juu ya mtu kusafiri usiku hali ya kuwa peke yake. Msomaji mwenye haraka atasema chagua moja. Mwenye kutulia ataona kwamba Zubeir alikwenda kwa haja iliyokuwa nje ya nafsi yake, akatumwa na wenziwe, na wenziwe wakamngoja arudi. Na huyo huyo Ibn Umar imepokewa kwamba usiku mmoja wa baridi na upepo, akiwa safarini, aliadhini kisha akawatangazia watu wasali katika vituo vyao, akaeleza kwamba hayo ndiyo aliyoyaamrisha Mtume usiku wa baridi na mvua. Basi ikiwa sala ya jamaa, pamoja na utukufu wake, yaachwa msikitini kwa ajili ya dhoruba, sijui ni safari gani ya baiskeli ambayo mtu ataona aibu kuikatiza.

Hapa msomaji asidhani nimekwisha kuhukumu kwamba kijana akae nyumbani. Namletea mfano wa mtu aliyekwenda. Dervla Murphy alizaliwa mwaka 1931 katika mji mdogo wa Lismore, Ireland. Alipotimiza miaka kumi alipewa zawadi ya baiskeli na kitabu cha ramani, na katika siku chache akakata shauri kwamba iko siku atakwenda kwa baiskeli mpaka Bara Hindi. Alipofika miaka 14 alitolewa shule ili amuuguze mama yake, aliyekuwa kilema kwa ugonjwa wa viungo. Akamuuguza. Ramani ikakaa. Mama alikufa mwaka 1962, baba akiwa ametangulia, na mnamo Januari 1963 ndipo Dervla Murphy, umri wake miaka 31, alipotoka na baiskeli yake yenye giya moja. (Najua wako wasomaji watakaouliza juu ya mwanamke kusafiri peke yake. Ni mas-ala yenye mlango wake, na si mlango tuliomo leo.)

Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa katika yale makali kabisa ambayo Ulaya imeyaona katika karne nzima. Alipita Ufaransa, Italia, Yugoslavia na Bulgaria katika theluji na barafu. Je, alikuwa mjinga wa kutosikia? Tazama alivyojiandaa: alituma matairi mbele yake katika miji ya njiani, alinunua bastola akajifunza kuitumia katika milima ya kwao kabla ya kuondoka. Na njia za milimani zilipofungwa na theluji, alipanda gari la moshi. Barafu ilipozidi huko Yugoslavia alikubali kupandishwa katika lori, baiskeli nyuma. Lori lenyewe liliteleza likagonga mti, akatoka kwa miguu usiku kwenda kutafuta msaada kijijini, na njiani akashambuliwa na wanyama aliowadhani ni mbwa mwitu. Bastola ndiyo iliyomwokoa. Alifika Delhi mwezi wa Julai mwaka ule ule. Kitabu chake, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965, na humo gari la moshi limo na lori limo, limeandikwa wazi kama alivyoandika siku alizokwenda kwa miguu yake. Amekufa mwaka 2022, umri wake miaka 90, nyumbani kwake Lismore.

Mambo mawili katika habari hii yanishika. La kwanza ni ile miaka kama kumi na sita baina ya kutoka shule na kufa mama. Watu husifu miezi sita ya baridi na joto, nami naona aliyeweza kuiacha baiskeli ukutani kwa miaka yote ile alikuwa ameufundisha moyo wake kungoja, na aliyejua kungoja kwa ajili ya mama hatashindwa kungoja kwa ajili ya theluji. La pili ni lile lori. Kama angelificha, nani angelijua? Hakuwa na mwenzi wala mpiga picha. Barabara ya Yugoslavia usiku haina shahidi. Hata mwenziwe wa zamani, Thomas Stevens, wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, aliyetoka San Francisco mwaka 1884 na ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, akiwa na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa ndilo hema lake, hakuona tabu kuandika kwamba sehemu kubwa ya njia ya Marekani aliikokota baiskeli kwa miguu. Watu hawa walijua tofauti ya safari na hadithi ya safari.

Mimi sikuijua, na hapa ndipo lilipo lile deni.

Mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nilijigamba mbele ya vijana wa mtaani kwetu kwamba nitakwenda Malindi na kurudi kwa baiskeli, peke yangu, nisipande gari hata hatua moja. Ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea. Kwenda nilikwenda na upepo wa tezi. Kusi ilinisukuma mgongoni hata nikadhani nguvu zile ni zangu. Siku ya tatu nikarudi, upepo ule ule ukiwa usoni. Hadi Gede nilijikaza. Katika msitu wa Sokoke miti ilinikinga. Darajani Kilifi nilishuka nikaikokota, kwani upepo wa hori ulitaka kunibwaga juu ya ukingo. Nilikuwa nimejiwekea sharti kabla ya kutoka, tena nimeliandika: nikisikia ngurumo za karibu nitasimama popote palipo na nyumba. Sharti lilikuwa mfukoni, limerowa.

Nilipoipita njia ya kuingia Takaungu mbingu ya upande wa bahari iligeuka nyeusi. Pande zote mbili ni mashamba ya makonge, hayafiki kifuani mwa mtu, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa mimi na minazi michache. Nikahesabu: kumi na mbili. Nikahesabu tena: sita. Kando ya barabara ilikuwapo nyumba ya udongo ya mabati, na mzee mmoja amesimama mlangoni. Akaniita, "Mwanangu, njoo! Mvua hii si ya kwenda nayo." Nikamjibu, "Ahsante baba, nafika hapo mbele tu." Hapo mbele hapakuwa na kitu, naye alijua, nami nilijua. Nilichokiona mbele yangu si barabara. Niliona baraza ya mtaani kwetu, na nyuso za wale vijana, na mmoja wao akiuliza, "Ulisimama?"

Sikufika mita mia mbili. Radi ilipiga mnazi pembeni mwa shamba. Sikusikia ngurumo, nilisikia kama ubao mkubwa umepasuliwa sikioni. Nikajikuta mtaroni, maji yanipita kifuani, nami natamka shahada nikidhani ndiyo saa. Gurudumu la mbele limepinda. Nikaibeba baiskeli nikarudi kwa mzee. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alinipa shuka ya mkewe nikajifunga, akanipa chai, akainyosha rimu kwa mguu wake juu ya jiwe. Baada ya saa nzima likapita lori la nazi, akalisimamisha, dereva akaniambia nipande. Nikapanda. Mvua ilikuwa haionyeshi hata mwisho wa bodi ya gari, nami nimeketi ndani ya bati, mahali pa salama kuliko pote nilipokuwa tangu asubuhi, naona uchungu kana kwamba nimefungwa.

Tulipovuka daraja la Mtwapa nilimwambia dereva anishushe. Akashangaa: mjini bado, na mvua haijaisha. Nikamwambia nina jamaa zangu Shanzu. Sina jamaa Shanzu. Nilisimama chini ya mwembe mpaka lori likapotea, kisha nikapanda baiskeli, nikapita Bamburi, nikapita Kisauni, nikavuka daraja la Nyali, nikaingia mtaani kabla ya Magharibi nimejaa matope. Vijana waliinuka barazani. Mama yangu alikuwa mlangoni na buibui lililorowa, kwa kuwa alikwenda mara mbili kituo cha mabasi kuwauliza madereva watokao Malindi kama wameniona. Akaniuliza, "Ulijificha wapi na mvua ile?" Nikamjibu mbele ya watu wote, "Sikujificha."

Basi kila anayesafiri peke yake na ajiulize kama kweli yu peke yake. Mimi nilibeba baraza nzima nyuma ya tandiko langu kutoka Malindi. Baraza ile ndiyo iliyonipitisha nyumba ya mzee, na baraza ile ile ndiyo iliyonishusha Shanzu. Mara ya kwanza ilinitaka nife, na mara ya pili ilinitaka niseme uongo. Na nikitazama sana sioni kwamba yalikuwa mambo mawili. Twaijua riya katika sala na katika sadaka, twahadharishana nayo kila Ramadhani. Hatujaifikiria katika mvua. Kijana anauliza kama kuendelea ni ushujaa, nami namwambia aulize kwanza: kama hapana atakayejua milele, si wa leo wala wa kesho, ningeendelea? Na kama hapana atakayejua, ningesimama? Majibu mawili yakiwa sawa na yale ya mbele ya watu, amuzi lake ni lake. Mwenye kusimama kwa sharti alilojiwekea siku ya jua, akapanda lori, kisha akasema nilipanda lori, sioni mahali pa kumtia doa. Na mwenye kuendelea kwa sababu amepima, na nyuma yake hapana mama wa kumlilia wala mtoto wa kumlisha, sitamwita mpumbavu kwa sababu tu mimi nimekaa pakavu.

Laiti habari ingeliishia hapo. Masika ya mwaka uliofuata, kijana mdogo wa mtaa wetu, umri wake haujafika kumi na minane, aliazima baiskeli akatoka kwenda Malindi na kurudi. Alikuwa amesikia habari yangu mara nyingi, na kila mara niliposimulia ilikuwa imenenepa. Katika kurudi alikutwa na tufani kama ile. Alionekana asubuhi ya pili mtaroni upande wa Kikambala, mguu umevunjika mahali pawili. Mfupa uliunga kwa ufupi, na mpaka leo huenda akichechemea. Watu walimlaumu kwa utundu, na wazee wake wakalaumiwa kwa kumwachia. Mimi nilimpelekea machungwa hospitali nikaketi kando ya kitanda chake, na sikusema neno.

Jumamosi, asubuhi ya pili ya lile darasa, nilikwenda kwake. Sasa ni fundi wa cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, na cherehani yake huikanyaga kwa mguu mmoja. Nilimweleza yote, nyumba ya mzee, lori la nazi, mwembe wa Shanzu. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, kisha akausimamisha mguu wake.

"Ulishukia Shanzu?" akauliza.

"Shanzu."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, mimi dereva aliniita. Pale pale penye makonge. Alisimamisha lori, akafungua mlango kabisa. Nikamwambia yuko mtu wa mtaani kwetu aliyepita hapa mwaka jana na hakupanda."

Sikuwa na la kumjibu, wala yeye hakulingoja. Alikata uzi kwa meno, akauliza huyo kijana wa Kampala ana koti la mvua la namna gani. Nikamwambia nimeliona, ni la turubai jepesi, mishono yake yapitisha maji. Akasema nimwambie apite hapo kabla ya kuondoka, na mishono hiyo ataizibua na kuishona upya yeye mwenyewe, mara mbili, wala asije na fedha.

Kijana, duka lake ni la tatu ukitoka msikitini, mkono wa kushoto. Hufungua baada ya saa mbili asubuhi.